Kataa Kushoto, Kubali Kulia

Benchi la Mzee Durairaj liko nyuma ya jengo la kompyuta, hapo Chennai, na kivuli pekee cha saa kumi ni turubai lake la kahawa. Ndani ya jengo watu ni wahandisi. Hapa nje ni walevi wa kahawa tu. Durairaj huimimina kahawa ya maziwa kutoka bilauri ya chuma hadi bakuli na kurudi, mkono mmoja juu mwingine chini, mpaka povu lisimame, na wateja wake hubishana mpaka povu lishuke. Siku hiyo walikuwa watatu, hoi bin taabani, maana tovuti yao ya kutafutia watu wachumba ilikuwa imewakeshesha. Alikuwapo Sabesan, kiongozi wao, wanayemwita Kesho kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Alikuwapo Nagalingam, mjaribu wa programu, aitwaye Methali, na jina hilo si sifa. Wa tatu ni Arivazhagan, aliyeandika ukurasa wa majibu, ambaye tangu mama yake amwandikishe kwenye tovuti hiyohiyo hana jina lingine ila Bwana Harusi.

Bwana Harusi hakuwa amegusa kahawa yake.

Kesho: Hebu rudia, shemeji, polepole. Kichwa changu kimejaa uji.

Bwana Harusi: Baba wa binti anafungua fomu. Anaandika maneno mawili matatu, “tumepokea, asanteni”. Chini ana vitufe viwili, Kataa na Kubali. Vyovyote atakavyobonyeza, fomu inaingia mlango mmoja, darasa letu moja la Java, yaani fungu moja la programu. Pale mlangoni kuna bawabu. Anasoma jina la kitufe, anaita mbinu, yaani kipande cha programu, chenye jina hilo. Kubali inapelekwa chumba cha kubali, Kataa chumba cha kataa.

Methali: Bawabu hana kosa hapo.

Bwana Harusi: Hana. Ila mzee akimaliza kuandika akapiga Enta, bila kushika kipanya, kompyuta inajichagulia kitufe cha kwanza. Na cha kwanza ni Kataa.

Kesho: Sasa nani mwenye akili zake aliiweka Kataa mwanzo?

Bwana Harusi: Wewe.

Kesho akaitazama kahawa yake kana kwamba kuna mtu kaitemea. Ilikuwa kweli. Mteja alikuja kikaoni na mnajimu wake, mnajimu akasema jambo la heri halitolewi kwa mkono wa kushoto, basi Kubali ikae kulia. Wote wakainamisha vichwa kukubali, kwani nani angebisha? Hakuna aliyekumbuka kwamba kompyuta huanza kuhesabu kushoto na heri haiijui.

Kesho: Basi si neno. Tunavibadilisha, kesho asubuhi imekwisha.

Bwana Harusi: Na waliokwisha kukataliwa?

Kesho: Nao kesho.

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Baada ya sikukuu ya mavuno Bwana Harusi alikwenda Kumbakonam na wazazi wake kumwona Kayalvizhi. Binti aliwaletea kahawa na vitumbua, akakaa, akamuuliza mbele ya wazee wote kama ni kweli anashinda akizungumza na kompyuta, na kama huwa inamjibu. Bwana Harusi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alimpenda palepale, wala hakujaribu kujificha. Wazazi wake wakatuma neno kwa tovuti kwamba wao wako tayari. Wiki ikapita, ukurasa alioutengeneza mwenyewe ukamletea jibu kwa wino mwekundu, amekataliwa, na tangu siku hiyo anakula kwa kuwa mama yake anamtazama.

Methali: Ndiyo maana wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kesho: Cha mvunguni kimeingiaje hapa?

Methali: Si vitufe viko chini ya ukurasa? Baba mkwe hakuinama.

Kesho: Acha zako. Kosa ni kuweka mbinu nyingi kwenye darasa moja. Kila mbinu ingekuwa na mlango wake, bawabu tungemfukuza kazi zamani.

Methali: Penye wengi hapaharibiki neno.

Kesho: Neno limeharibika na wengi tupo.

Bwana Harusi: Milango ingekuwa hata kumi, Enta ingekwenda kwa ule wa kwanza. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Baba yake Kayalvizhi alipiga Enta, au alibonyeza kitufe?

Kesho: Kumbukumbu za seva zinasemaje?

Bwana Harusi: Zinasema mbinu ya kataa iliitwa. Aliyeiita, kwa kidole gani, hazisemi.

Kesho alijivuta karibu, akashusha sauti. Uchovu humfanya mtu huyu awe mpelelezi.

Kesho: Nikwambie? Wala si mzee. Bawabu wetu anaita mbinu yoyote anayotajiwa jina. Mtu akijua, anaandika mwenyewe kwenye anwani ya ukurasa: tendo ni kataa, namba ya mposaji ni fulani. Anatuma. Huyo ni mposaji mwenzako. Yuko Madurai, ana duka la simu, ana masharubu.

Bwana Harusi: Masharubu umeyaonea wapi?

Kesho: Watu wa namna hiyo wanayo.

Methali: Wewe unamtafuta mtu mmoja, kumbe msiba ni wa wote. Fikirini. Wazee wote wa jimbo hili wanapiga Enta, mikono yao imezoea taipureta. Basi kila posa imekataliwa. Watoto hawatazaliwa. Shule zitafungwa. Miaka ishirini ijayo serikali itaunda tume, itakuta chanzo ni huyu mnajimu na Kesho. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Kesho: Mwana yupi? Si umesema hawatazaliwa?

Durairaj, ambaye husikiliza kila kitu na kuelewa anachotaka, alisema wakati wake binti alikataa kwa kuchelewesha kahawa, na hakuna aliyehitaji umeme. Aliwajazia bilauri, akakung'uta chujio mara mbili. Yalikuwa yamebaki machicha ya kahawa tu.

Hapo akatoka Thenmozhi, msichana aliyeajiriwa wiki hiyo, bado hajapewa hata kiti chake mwenyewe. Aliomba kahawa, akaambiwa imekwisha, akakaa hivyohivyo. Kesho akamsimulia mkasa wote, bawabu, vyumba, masharubu, na tume ya serikali.

Thenmozhi: Kaka zangu, samahani. Mbona hamjawapigia simu?

Methali: Upande uliokataliwa haurudi kubisha hodi, dada. Ni aibu.

Thenmozhi: Sisemi mkawabembeleze. Waambieni mashine ilikuwa na kosa, wajibu upya. Hiyo nayo ni aibu?

Methali na Kesho wakageuka kumtazama Bwana Harusi.

Namba ya kina Kayalvizhi ilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Aliligundua kosa asubuhi, na mchana kutwa alikuwa akieleza mambo ya milango na mbinu kwa yeyote mwenye masikio, amechoka mpaka macho yanamwasha, na alikuwa na furaha. Hilo alilijua sasa, alipoulizwa. Kwa siku moja nzima Kayalvizhi hakuwa amemkataa.

Thenmozhi: Kaka?

Bwana Harusi aliigusa simu mfukoni bila kuitoa. Aliogopa, hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Aliogopa kuambiwa kwamba siku ya jibu, kule Kumbakonam, yule mzee alikishika kipanya, akamwangalia binti yake, binti akatikisa kichwa, ndipo akakisogeza taratibu mpaka kushoto na kubonyeza.