Alisema Mbele ya Nani? Shangazi wa Mashauri ya Kashfa Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasikiliza watu waliochafuliwa majina, wakili mkongwe wa kituo chetu cha msaada wa sheria anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye vyeti wengi tumelisahau. Tunamwita Shangazi, kwa sababu ukikaa mbele yake utaeleza yote, hata yale uliyoapa kutoyasema.

Alianza na mirathi na mipaka ya viwanja. Mashauri ya kashfa alitupiwa tu, maana hakuna aliyeyataka: ushahidi kiduchu, makelele tele. Akayapenda kupita kiasi. Kila mwajiriwa mpya alikalishwa kitini na kufundishwa kwamba kashfa ni jina la ukoo, na watoto wake ni wawili. Kuna ya maandishi, ambayo hubaki ikasomwa na kila apitaye. Na kuna ya mdomo, ambayo kwa kawaida haifiki mbali mahakamani mpaka uonyeshe imekutia hasara gani. Aliyewachanganya watoto hao alirudia somo zima, chai yake ikipoa.

Swali lake la kwanza kwa mlalamikaji lilikuwa, "Alisema mbele ya nani?" Mzee mmoja alikuja na hasira zake: jirani kamwita mwizi wa kuku, wakiwa wawili tu nyuma ya nyumba. Shangazi akampa pole, akamweleza kuwa bila mtu wa tatu kusikia, hiyo si kashfa, ni mazungumzo mabaya. Mzee akauliza kama anaruhusiwa kurudi kumwomba jirani arudie mbele ya watu.

Lakini shauri tutakalomkumbukia ni la fundi cherehani. Wifi yake alisimama kwenye sherehe ya ukoo akatangaza kwamba fundi huiba vitambaa vya wateja na kuwashonea wanawe. Uongo mtupu. Cherehani ikanyamaza. Mama huyu, mjane anayelea watoto kwa sindano, akawa anakaa kibarazani akiwatazama wateja wake wakipita na vitambaa kwapani kwenda kwa fundi mwingine. Alikuja kwetu akiamini hana kesi, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Shangazi akamwambia kuwa maneno yanayompiga mtu kwenye kazi yake ni miongoni mwa machache ya mdomo ambayo sheria haimdai kwanza athibitishe hasara. Fundi akalia pale pale. Kisha akasema hataki fidia, anataka jina lake.

Sasa, Shangazi alikuwa na utaratibu wake: radhi hutolewa mahali pale pale, mbele ya masikio yale yale, kwa sauti ile ile. Ukoo ukaitwa tena. Wifi akasimama, akanong'ona. Shangazi, mkoba magotini, akamwambia, "Mama, siku ile walikusikia mpaka jikoni. Leo hata mimi sikusikii." Wifi akapandisha sauti. Akapandisha tena. Akasikika hadi mtaa wa pili, ambako hakuna aliyekuwa na habari ya kashfa ile. Sasa wakawa nayo wote.

Tulishika vichwa. Shangazi mwenyewe alikiri kwamba hilo hakulifikiria. Watu wakaanza kumiminika dukani kumtazama aliyesingiziwa, na kwa kuwa ni aibu kuchungulia mikono mitupu, wakaja na vitambaa. Wa mwisho kufika alikuwa wifi, na gauni la kupanuliwa kiuno. Fundi alimpima, akalishona vizuri, akamrudishia hadi nyuzi zilizobaki.

Shangazi, tunakushukuru kwa somo, kwa ukali na kwa kicheko chako kilichopenya kuta zetu za mbao. Tutakukosa sana. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi na majirani wenye adabu.

Fundi yuko humu ukumbini. Hatukumwalika, alisikia unaondoka, akafunga duka akaja. Ameomba nafasi ya kukusema mbele yetu sote. Kaa usikilize, Shangazi. Leo ni zamu yako kusemwa.