Ngoma Kabla ya Chai: Maisha ya Ladislaus Nampoto

Ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo.

Marehemu Ladislaus Nampoto alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Christopher na Mama Magdalena. Alianza darasa la kwanza hapo hapo Lupaso mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975. Walimu walimkanya sana kwa kupiga madawati, lakini wageni wakija shuleni ni yeye aliyeitwa apige.

Mwaka 1977 alipelekwa Newala kwa mjomba wake, Mzee Kasiani, akafundishwa kuchonga na kuwamba ngoma. Kazi hiyo hakuiacha tena. Alipiga kwenye harusi, kwenye sherehe za vijana wanaotoka jandoni, na kanisani siku ya mavuno. Kikundi cha mjini kilimfuata, akakataa. "Huko nitapiga wakisema piga," alisema. "Hapa nikiamka, siku ni yangu."

Na siku yake ilikuwa ile ile. Ukungu wa Newala huingia mpaka ndani, na ngozi ya ngoma ikipata ukungu hulegea. Basi akiamka aliiweka ngoma yake ndogo, kinganga, karibu na mafiga, akaigeuzageuza mpaka ngozi ikakaza. Akaipiga kidogo, macho kafumba. Ndipo chai. Halafu kuchonga mpaka jua kali, halafu mikorosho. Kesho vile vile, na akimshukuru Mungu kwa hiyo kesho.

Tarehe 16 Julai 1988 alifunga ndoa na Oliva. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Oliva alikuta moto una mwenyewe, na sufuria yake ya chai iko chini inasubiri. Mwaka wa kwanza alinyamaza. Wa pili akaanza kuisalimia ngoma: "Shikamoo, bibi mkubwa. Umeshakota?"

Ladislaus akaitika kwa niaba yake: "Marahaba!"

Watu walicheka, Oliva hakucheka. Ulikuwa wivu wa kweli, wa kumnyima mtu usingizi. Ngoma ilishikwa kwa mikono miwili. Yeye aliitwa kwa sauti kutoka uani. Akaapa mbele ya jirani, Mama Ashiru: "Siku akifa huyu mwanamume, hii ngoma naipasua kuni. Ndiyo itachemsha chai ya msiba."

Asubuhi moja kulikuwa na harusi Chiungutwa. Oliva aliwahi kuamka, akabandika chai, akakaa mbele ya moto kama askari. Ladislaus akanywa, akashukuru, wakaondoka wote wawili na ngoma baridi. Kule manyunyu yalikuwa yamelowesha kila kitu, moto haukuwaka. Ngoma ikalia kama ndoo ya maji.

"Mzee, hiyo ngoma imeshiba ugali?" vijana wakazomea.

Oliva alijikuta amesimama katikati ya wanawake. "Nyamazeni! Hiyo ikishiba moto mtaikimbia!"

Njiani kurudi, mumewe hakumgombeza. "Chai ilikuwa tamu," alisema tu. Kesho yake sufuria ilikaa chini. Wivu ulibaki palepale.

Novemba 2023 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Hata hivyo kila asubuhi aliomba ngoma ipelekwe motoni.

"Hata sasa?" Oliva akamuuliza. "Mimi hujaniuliza nimeamkaje, unamuulizia yeye?"

"Mama Happiness, wewe ukiona baridi unajisogeza. Yeye hana miguu."

"Na huo mkono wako, una miguu?"

Akauvuta mkono ule, akaukanda kwa maji ya moto. Tangu hapo zamu ikawa mkono kwanza, ngoma pili, chai mwisho. Ladislaus aligonga kwa kushoto, kidogo tu, na siku ikawa imeanza. Hivyo mpaka alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025, alipofariki nyumbani kwake.

Leo asubuhi wapigaji wenzake waliogopa kuulizia ngoma. Mama Ashiru ndiye aliyethubutu: "Mama Happiness, nikuletee shoka?"

Oliva aliteremsha sufuria kubwa ya chai ya wageni, akakaa chini, akaanza kuigeuza ngoma motoni, polepole, kwa mikono miwili.

"Bado namwonea wivu," alisema. "Lakini Baba Happiness hasindikizwi na sauti ya ndoo."

Marehemu ameacha mjane, Oliva, watoto watatu, Happiness, Majaliwa na Loveness, wajukuu watano, dada yake, Severina, na ngoma mtakayoisikia tukimshusha. Apumzike kwa amani, Bwana amwamshe siku njema.

Chai inakuja, ndugu zetu. Leo nayo imengoja zamu yake.