Solvej Krogsgaard, Aliyetufundisha Kumkatia Simu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuambiwa "haifanyi kazi" na watu wasioweza kusema ni kitu gani hakifanyi kazi, Solvej Krogsgaard anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Chama cha Mtandao cha Tranby kitabaki na mwenyekiti, mafundi wawili wa nyaya, mimi, na mashine ya kahawa ambayo yeye peke yake ndiye anayejua kuibembeleza. Mungu atuhurumie.

Solvej alikuja kwetu kutoka duka la vitambaa. Siku hizo chama kilikuwa kinawauzia wanachama chaneli za televisheni, na intaneti ilikuwa jambo lililotajwa na mtoto wa kasisi tu. Akapewa meza ya karibu na choo na simu moja. Mwenyekiti wa wakati ule alimhakikishia kwamba kazi ingekuwa nyepesi, kwani watu wa Tranby si watu wa kompyuta. Haukupita muda kila nyumba ikawa na kompyuta sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila kompyuta ikawa na mgogoro wake na mwenye nyumba.

Mkataba wake unasema alikuwa "huduma kwa wanachama". Ukweli ni kwamba amekuwa muuguzi, msuluhishi wa ndoa na mtoa laana rasmi wa chama. Jumanne ya kila mwezi ambayo masasisho makubwa ya programu za kompyuta hutoka, aliingia ofisini na mfuko wa pipi nyeusi za chumvi, akaketi, akavaa vipokea sauti, na hakuna aliyethubutu kumsemesha kabla ya chakula cha mchana. Tulimsikia tu. Wengi mnamkumbuka Ragnhild Toft wa Mtaa wa Kanisa, aliyesoma gazetini kwamba kuna tundu la usalama ambalo wezi hupita na kukuchungulia kupitia kamera. Ragnhild akaivisha kompyuta yake ile kofia ya sufu ya kufunikia birika la chai, kisha akapiga simu kulalamika kwamba mashine inanuka moshi.

"Mama, hiyo kofia ivue," alisema Solvej.

"Nikiivua si wataniona?"

"Wakikuona watakuwa wamefaidi. Ivue, inaungua!"

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya asubuhi za Alhamisi katika ukumbi wa mji, ambapo aliwafundisha wazee wetu namna ya kuishi na kompyuta bila kuibiwa. Hakuwa na mafunzo marefu. Aliwaambia wasasishe, watunze nakala, na wasimwamini mtu. "Yeyote atakayekupigia simu kuhusu kompyuta yako ni mwizi," aliwaambia. "Hata akijua jina lako. Hata akijua jina la mbwa wako. Hata akija na sauti yangu! Kata simu. Ukiwa na shaka, chomoa waya ukutani. Na barua pepe yenye neno HARAKA, futa bila kusoma." Kisha alikwenda jikoni kwenye ukumbi ule ule na kuwapigia mmoja mmoja kwa sauti tamu kama asali. Aliyemkatia alipigiwa makofi. Aliyemjibu kwa adabu alioshishwa vikombe, vyote.

Wazee wakaiva. Wezi wa simu waliojaribu Tranby walikutana na matusi ambayo hayajasikika tangu bandari ya samaki wa sill ilipofungwa. Tulijivuna sana. Hatukuwaza kwamba ipo siku sisi wenyewe tutahitaji kusikilizwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano moja ya mwezi Oktoba. Sasisho lilikuwa limetoka jioni ya kuamkia siku hiyo, na lilikuwa la lazima, kwani liliziba tundu ambalo wezi walikwisha kuligundua. Ila aliyelishona alishona na kidole chake. Kompyuta iliyolipokea iliendelea vizuri mradi haijazimwa. Ukiizima, haiwaki tena: kioo cheusi, basi. Simu za kwanza zilianza kabla hatujavua makoti. Muda si muda watengenezaji wakakiri kosa na kutoa tangazo: ambaye kompyuta yake bado inawaka asiizime, aiache hivyo hivyo mpaka kesho, marekebisho yatakuja yenyewe.

Habari njema, isipokuwa kwamba watu wa Tranby huzima kila kitu. Taa huzima, majiko huzima, na kompyuta wakimaliza kusoma salamu za wajukuu huzima na kuifunika.

Mwenyekiti wetu Preben Ladefoged, mtu mwenye nia njema, alituma barua pepe kwa wanachama wote. Kichwa chake: HARAKA! Wanachama wakaifuta. Ishirini hivi kati yao wakatuandikia kutushtaki kwetu wenyewe, kwamba kuna mhuni anayejifanya Preben. Mmoja aliongeza kuwa mhuni huyo anaandika vizuri kuliko Preben.

Solvej akaanza kupiga simu. Nilikaa mkabala naye, nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Halo, ni Solvej wa—"

Kimya.

"Halo, Inge-Lise, usikate, ni mi—"

Kimya.

"Wewe Kaj, tumekunywa kahawa pamoja juzi tu, niulize kitu cho— Mshenzi! Kakata!"

Alitupa vipokea sauti mezani na kukaa akiitazama simu kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha akainuka, akatoka uani bila koti, akaenda kwenye mlingoti wetu na kuishusha bendera hadi nusu.

Preben alitoka mbio. "Solvej! Bendera ina kanuni zake! Nusu mlingoti ni kwa msiba!"

"Ngoja wazime kompyuta zao," alisema Solvej, "halafu uje uniambie kama hakuna msiba."

Ambaye hajaishi Tranby hawezi kujua nguvu ya bendera iliyoshushwa. Hapa mtu anaweza kupuuza simu, barua na hata king'ora, lakini hakuna atakayepita bila kuuliza nani kafa. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la mikate, unga bado mikononi.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajafa mtu. Kompyuta yako ya nyumbani umeizima?"

"Mke wangu ndiye anayeitumia."

"Kimbia ukamwambie asiizime mpaka kesho. Na jirani zako uwaambie."

Wakaja wengine, wawili wawili, kisha makundi. Wale wanaoogelea baharini hata wakati wa baridi walikuja na mataulo mabegani, midomo ya buluu. Bibi mmoja alifika na shada la maua, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba marehemu ni Preben. Alipomwona Preben amesimama mlangoni akamtazama juu hadi chini, akashusha pumzi, akarudi nalo nyumbani. Kufikia saa ya kutoka shule, mji mzima ulikuwa na habari, na ilikuwa imepita kinywa kwa kinywa, njia pekee ambayo Solvej hakuwahi kuwaonya dhidi yake.

Lakini kuna nyumba ambazo haziioni bendera yetu. Asger Munkholm, mpeleka barua mstaafu, anaishi ng'ambo ya machimbo ya mchanga, peke yake. Alipokuwa kazini Asger alizunguka na baiskeli vijiji vyote vya huku, na mfukoni alibeba kinasa sauti. Aliwanasa wazee wakizungumza lahaja ya zamani ambayo leo huisikii tena: wakisimulia, wakigombana, wakiita kuku. Karibu wote sasa wako makaburini. Sauti zao zilikuwa ndani ya kompyuta ya Asger, na kwingine kokote hazikuwapo. Solvej alikuwa amemnunulia diski ya kutunzia nakala siku alipotimiza miaka sabini. Ilikuwa rafuni, ndani ya boksi lake, na utepe juu.

Alimpigia huku akijua atakatiwa.

"Asger, ni Solvej wa chama. Tafadhali usizime—"

Safari hii nilisikia pande zote mbili, maana Asger alikuwa akipiga kelele. "Mwizi mkubwa we! Solvej mwenyewe kaniambia mtakuja na sauti yake!"

"Asger, ni mimi kweli!"

"Na hilo pia kasema mtalisema!"

Akakata. Solvej akachukua funguo za gari langu bila kuuliza.

Alimkuta Asger mlangoni, uso unang'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Umechelewa, uhondo umekupita!" alimwambia. "Kanipigia mwizi, ana sauti yako kabisa, mpaka kikohozi! Nimemtimua."

Solvej alivua viatu, akabaki navyo mkononi. "Halafu ukafanyaje?"

"Nikachomoa waya ukutani. Kama ulivyotufundisha."

Pale mlangoni kwa ndani pana benchi dogo la kuvalia viatu. Solvej akaketi. "Asger," alisema, "yule alikuwa mimi."

 Uso wa mzee ukashuka taratibu. "Ulikuwa unataka nini?"

"Kukuomba usichomoe."

 Solvej hakuitaja ile diski yenye utepe, ingawa walikuwa wanaiona wote wawili. Walikunywa kahawa. Kisha akaikumbatia ile kompyuta hadi garini kama anambeba mtoto mwenye homa.

Majuma yaliyofuata, Egon, mumewe Solvej, alikula chakula cha jioni akiwa amesimama, kwa kuwa meza ya jikoni ilikuwa imekaliwa na matumbo ya kompyuta ya Asger. Waya ulikuwa umechomolewa sasisho likiwa katikati ya kuandika, na diski haikufunguka. Fundi mmoja wa Aalborg alimwambia aitupe. Solvej alimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye jarida la chama. Kazini alikuwa mkali, kisha mpole ghafla, na upole wake ndio uliotutisha. Siku moja aliniuliza, bila kuinua macho, kama kumfundisha mtu asimwamini yeyote ni kumlinda au ni kumfungia ndani.  Nikampa kahawa mbaya.

Kisha Jumapili moja akampigia Asger, akasema neno "njoo" tu, na safari hii hakukatiwa. Asger aliketi jikoni kwao na kofia magotini. Solvej akabonyeza. Ikatoka mikwaruzo, halafu sauti ya mzee mmoja aliyezikwa zamani, akimtukana ng'ombe wake kwa lahaja safi, tusi juu ya tusi, bila kurudia hata moja. Asger alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivua hakuirudisha upesi. Si sauti zote zilizopatikana. Mama mmoja aliyekuwa anaeleza namna ya kukausha samaki wa mikunga amekatika katikati, na mwisho wa maelezo yake hatutaujua tena.

Mkutano wa wanachama wa Novemba ulijaa mpaka viti vikaazimwa kanisani. Waliokuwa wamepoteza mashine walikuwa na hasira, na Preben alileta hoja kwamba chama kiwashauri watu wote wayazuie masasisho kabisa. Ukumbi ukapiga makofi. Solvej akasimama.

"Nami nimelitukana hilo sasisho kuliko ninyi nyote," alisema. "Lakini tundu lililokuwa linazibwa lipo kweli. Kule ng'ambo ya ghuba kuna nyumba zilizochelewa kusasisha, na wezi wamewafungia watu picha zao za harusi. Fundi akikuwekea kitasa kibovu, unamwita arudi. Huondoi mlango."

"Rahisi kwako kusema!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Aliyepata hasara si wewe!"

Hapo Asger akainuka, polepole, kwa sababu ya magoti. "Mwenye hasara ni mimi," alisema. "Solvej, yako umeisasisha?"

"Leo asubuhi. Huku nikiapiza."

"Umetunza nakala kwanza?"

"Mbili."

"Haya," alisema Asger, akageukia ukumbi. "Mimi nitafanya hivyo hivyo. Na matusi pia nitayasema." Akaketi. Hoja ya Preben ilipata kura chache, na heshima yake ni kwamba mwishoni yeye mwenyewe aliikataa.

Alhamisi iliyofuata Solvej alibadilisha somo mbele ya wazee wote, bila kujitetea. Ukipigiwa simu, bado kata. Lakini ukishakata usibaki na hofu peke yako: inua simu, upige mwenyewe namba ya chama iliyobandikwa juu ya boksi la intaneti, uulize. Akiwa mwizi, utajua. Akiwa rafiki, atakushukuru. Tangu hapo simu yetu hailali, na ndivyo tunavyotaka.

Tungeweza kutaja mengine aliyoyafanya, lakini lililo kubwa zaidi halina ushahidi. Watu wazima wengi wa mji huu wamewahi kulia kwenye simu ya Solvej. Walioibiwa kwa ujinga, walioibiwa kwa upweke, waliobonyeza wasichopaswa kubonyeza, waliopoteza picha za mtoto. Wote wanasalimiana dukani kila siku, na hakuna anayejua kwamba mwenzake naye alilia, kwa sababu Solvej hakumwambia mtu. Hata mimi niliyekaa mkabala naye, nilipouliza nani analia, aliniambia ni mafua tu, mji huu una mafua sana.

Asante, Solvej, kwa ulimi wako, na asante zaidi kwa yale uliyoyafungia nyuma yake. Mpeleke Egon kwenye ile nyumba yenu ya pwani, mrudishie meza yake, mle mkiwa mmekaa. Uwe na afya, uwe na usingizi, na Jumanne zako zote kuanzia sasa ziwe siku za kawaida.

Henning Brask, dawati la simu, kwa niaba ya wote