Shangazi na Lugha Aliyokataa Izikwe

Tarehe 30 Juni, Shangazi, kama sote kazini tunavyomwita, anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya vitabu vya nukta nundu kwa miaka thelathini na mmoja. Wasioona wengi, nami nikiwemo, tumeisoma kazi yake kwa vidole.

Alianza kama mpiga chapa. Programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya zamani, ambayo wataalamu waliitaja kwa sauti ya chini, kama wanaotaja marehemu. Shangazi alijifunza lugha hiyo mwenyewe, akiisoma kwa sauti. Mgeni mmoja aliyepita koridoni alidhani anagombana na mumewe kwenye simu.

Kisha kompyuta kuu ikafa, na ile mpya haikuijua lugha hiyo hata kidogo. Mkurugenzi akaamua programu iandikwe upya, kazi ya miaka miwili. Kitabu cha hesabu cha darasa la mwisho kingesubiri, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi minne. Shangazi aliomba wiki sita ajaribu kuiokoa ile ya zamani.

Mtandaoni alikuta programu huria, ambayo yeyote aliruhusiwa kuirekebisha, ya kuifasiria kompyuta lugha ile. Mwanzilishi wake alikuwa ameitelekeza kwa miaka sita, na kasoro zilikuwa tele. Shangazi akajitosa.

Wiki ya tano nililetewa ukurasa wa kwanza niuhakiki. Katika nukta nundu, tarakimu huandikwa kwa herufi a hadi j, zikitanguliwa na alama ya namba. Alama hiyo ilikuwa imepotea. Swali la kwanza lilikuwa 4141 kutoa 2121. Vidole vyangu vikasoma "dada kutoa baba".

Nilicheka hadi nikashika meza. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama namba zote ziko hivyo, nikamwambia zote.

"Basi kosa ni moja tu," akasema, akavuta kiti.

Siku ya tatu alama ikarudi. Hapo ndipo naye alipocheka, peke yake, mpaka tukaenda kuchungulia kuna nini. Kitabu kiliwafikia wanafunzi wiki saba kabla ya mtihani.

Mwanzilishi wa programu ile aliposikia, alimkabidhi Shangazi ulezi wake. Kwa miaka tisa ameiwezesha kusoma herufi za lugha nyingi, ameiandikia maelezo ya Kiswahili, na kuiwekea majaribio mia mbili yanayonasa kosa kabla halijafika kwenye karatasi. Leo karakana kumi na moja za nchi mbalimbali zinaitumia. Barua zao huzijibu zote, hata zinazouliza tu kama bado yupo.

Mumewe, fundi cherehani, anasema zamu yake imefika. Hatubishi.

Shangazi, asante kwa kila ukurasa. Uwe na afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na haraka. Tukikwama, tunaahidi kuhangaika wenyewe walau nusu saa kabla ya kukupigia simu.