Dkt. Ornelio Martis na Marhamu ya Pua

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1938, Ornelio Martis alizaliwa kijijini Barber, Curaçao, akatimiza idadi ya watu tisa nyumbani mwao. Sita kati yao walikuwa na muhina, ugonjwa wa ukoo wa kutoka damu puani. Naye hakunusurika.

Alisoma kwa masista wa Barber, kisha Uholanzi, alikohitimu udaktari mwaka 1966. Katika mtihani wa mwisho damu ilimchuruzika; aliomba radhi, akaiziba pua kwa tai yake, akaendelea kujibu.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na Filomena Rosalia, wakajaliwa Ruthmila na Edsel.

Mwaka 1988 alianza kujaribu marhamu mpya ya pua. Nusu ya wagonjwa walipewa tyubu zenye dawa, nusu tyubu za marhamu tupu, isiyo na dawa. Hata yeye hakujua nani amepata ipi; siri hiyo ilitunzwa na mfamasia. Dada yake mkubwa, Idalia, ambaye muhina ulikuwa umemdhoofisha mno, alikuwa miongoni mwao. Siku moja marehemu Dkt. Martis alimkuta jikoni pamoja na binamu zao waliokuwa katika jaribio hilo, wakizikamulia tyubu zote katika bakuli moja.

"Mnafanya nini?"

"Tunagawana," alijibu Idalia. "Au ulitaka mmoja ale ugali wa funchi, mwenzake alambe sahani?"

"Mmeniharibia kazi yote, dada!"

"Daktari mzima unalilia bakuli!"

Binamu wakacheka. Marehemu hakucheka. Aliyafuta matokeo yote, akaanza upya, kila mtu na tyubu yake.

"Nikipata ile tupu?" aliuliza Idalia.

"Utaendelea kutoka damu."

"Nikifa je?"

"Ukikataa, sitakulaumu."

"Nani kasema nakataa? Lete hiyo tyubu, na uache kunitazama kama jeneza."

Kabla ya mwaka kwisha Idalia alizimia mara mbili. Filomena alimsihi mumewe amwombe mfamasia aifungue siri ya tyubu. Marehemu alikwisha kunyanyua simu, Idalia akasema kutoka kitandani, "Weka chini. Ukianza mara ya tatu, utamjaribia nani?" Akaiweka.

Tarehe 9 Juni 1990 siri ilifunguliwa. Marhamu ilikuwa imewapunguzia wengi damu; ya Idalia ilikuwa tupu. Jioni hiyo marehemu alimpelekea dawa yenyewe. Alishindwa kuifungua, hata Idalia akamnyang'anya tyubu, akaifungua mwenyewe.

Marehemu aliugua kwa siku mbili, akafariki tarehe 3 Februari 2011, mshipa wa kichwani ulipopasuka kwa ugonjwa uleule wa ukoo. Mungu ampokee na kumpumzisha.

Waliobaki ni mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na dada mmoja, Idalia, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja.