Sahani Isirudi Tupu

Sogeeni karibu, wanangu, Barka na wewe Rawiya, mnisikilize vyema, kwani pumzi zimebaki chache na sina nguvu ya kurudia. Nimerudia vya kutosha mbele ya mawaziri waliokuwa wakisinzia.

Mirathi ataigawanya kadhi, hesabu yake haihitaji ushauri wangu. Vitabu vya uchumi mpeni Mwalimu Fanuel wa shule ya hapa, ila msimlazimishe kuvisoma. Suti zangu saba zisimamisheni shambani, kunguru waone wataalamu wamefika, wakimbie.

Miaka thelathini nilizunguka nchi changa nikizifundisha kukua; tatu zilinitii, mbili zikajuta, na ya tatu nasikia bado inanitafuta. Lakini linaloniumiza ni la hapa Siyu, la jirani yetu Bi Mwanamkisi.

Ada yetu mwaijua: jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Ramadhani ile niliyostaafu alituletea mkate wa sinia, marehemu mama yenu akataka kumrudishia ndizi, nami, msomi mzima, nikamzuia: "Biashara gani hii isiyokua? Yeye anajua kuoka, aoke; sisi twajua kula, tule." Nikairudisha sahani tupu, imeoshwa, na juu yake karatasi yenye mchoro wa kumweleza hesabu hiyo. Akautazama, akasema kwa lahaja ya hapa, "Bwana Kamaludin, sahani haina mdomo, lakini hii imenitukana. Ndiyo mafunzo uliyopeleka nti za watu?" Mkono mtupu haulambwi, wanangu; tangu siku hiyo hakutuletea tena, na Ramadhani saba tumefuturu kwa mkate wa dukani kutoka mjini Amu, mgumu hata punda aliukataa.

Leo asubuhi Rawiya amempelekea sahani yetu imejaa tende, na maneno yangu: nisamehe, nakwenda. Ikirudi tupu, ni haki yangu, nizikeni kimya. Ikirudi na kitu, hata chumvi, nitakufa na radhi yake.

Nani apiga hodi? Nenda, Barka... Ifunue. Wallahi, mkate wa sinia! Nimegee... kidogo tu.

Lakini tazameni, hii si sahani yetu. Ni yake, ile ile niliyoirudisha tupu, yenye ua la buluu. Yetu ameizuia makusudi, mjanja yule! Basi twadaiana tena. Deni hili msilimalize, wanangu... warithisheni wajukuu. Mungu awape majirani wasiochoka nanyi... awape vya kupeleka... Rawiya, ndizi zimeiva, ziko nyuma ya mlango... Isirudi tu...