Mama Nailoni na Jina Asilolirudisha

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwachekesha wazee wetu katika makao haya ya Stechford, Jelagat Naylor anavua sare Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Anayesema kazi itaendelea vilevile bila yeye, ajaribu kwanza kumnywesha Mzee Walter dawa.

Alianza kwa kupiga deki, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Wageni karibu wote wa kazini amewafunza yeye, na somo lake la kwanza ni moja: msalimie mtu kabla hujagusa blanketi lake. Gaston, alipotufikia kutoka Goma, alisikia "Naylor" akaelewa "nailoni." Kutwa nzima akamwita Mama Nailoni, kwa heshima zote. Jelagat alicheka hadi akaegemea ukuta, na jina likanata.

Lakini lile Naylor lenyewe, jamani, hakulipata kwa ulaini. Aliolewa na Ronald Naylor, fundi wa reli, mtu mpole kupita kiasi. Babake Ronald ndiye huyu Mzee Walter, naye ndoa ile haikumpendeza hata kidogo. Ronald alipofariki, mzee alimtaka mkwewe arudishe jina, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Alisema ni jina la damu yao. Iliuma. Hawakujaliwa mtoto, na jina ndilo lililombakia la mumewe.

Sasa, Jelagat ni Mkalenjin, na kwao jina lina sababu. Yeye alizaliwa jua likizama, ndiyo maana akaitwa Jelagat. Jepchirchir wa jikoni alizaliwa kwa haraka, na mpaka leo zamu ikiisha humwoni. Basi akawauliza akina Naylor jina lao lina maana gani. Hakuna aliyejua. Mzee alimjibu kwamba jina ni jina tu. Kumbe anayedai ng'ombe hajui hata rangi yake!

Siku zake za mapumziko akaanza kwenda mji wa jirani, Halesowen, kwa mhunzi mmoja anayeonyesha watu kazi za kale. Huko akaelezwa kwamba Naylor maana yake ni mfua misumari. Waingereza wa zamani waliitana kwa kazi zao, na kazi zikageuka majina ya koo. Na upande ule, kwa vizazi vingi, wanawake walifua misumari vibandani nyuma ya nyumba zao, hata wenye watoto wachanga. Jelagat akaomba nyundo. Msumari wake wa kwanza ulipinda, wa pili ukafanana na mdudu. Hakukoma mpaka ukatoka ulionyooka.

Mzee Walter alipodhoofika, akaletwa hapahapa kwetu. Na wa kumhudumia akawa nani? Mkwe yuleyule. Siku moja alimwekea ule msumari kiganjani, akamwambia ameufua mwenyewe na jina lao limetoka wapi. Mzee akaugeuzageuza. Wiki hiyohiyo akaja daktari mgeni, akamuuliza kama ana jamaa yeyote wa karibu. Mzee akamnyooshea Jelagat kidole.

"Yule pale. Yeye ni Naylor kuliko mimi. Mimi sijafua hata mmoja."

Tulipiga vigelegele korido nzima, hadi Raksha wa ofisini akatoka mbio akidhani kuna moto. Msumari wenyewe mtauona mlangoni kwa mzee, umeshikilia kibao chenye jina lake. Alikataa upigiliwe na mtu mwingine ila Jelagat.

Ijumaa mzee atakaa mbele, na zawadi ataitoa kwa mkono wake. Anasema Naylor huagwa na Naylor.

Ahsante, Mama Nailoni, kwa kila asubuhi uliyotubebea. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na chai isiyokatizwa na kengele. Sare uiache stoo. Jina nenda nalo.